Mwaka wa tatu huu, kazi tunaanza kuiandalia lini?

Siku hizi ukikutana na mtu wa mwaka wa tatu kwenye foleni ya chakula au kwenye daladala ya kutoka Mlimani swali ni lile lile, vipi ukimaliza unaelekea wapi, na jibu nalolisikia kila siku ni "acha nimalize kwanza". Nawaelewa kabisa, UE, mitihani ya mwisho wa semista, zinakuja, riseachi haijaisha, supavaiza bado kakaa na chapta ya pili, boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, limeisha, mtu anajiuliza ataweka wapi na habari za kazi tena. Ila mi naamini kwa moyo wote kwamba hilo "nimalize kwanza" linatugharimu sana, kwa sababu vitu vyote unavyohitaji kujiandaa na usaili viko hapa hapa chuoni, na siku ukikabidhi funguo ya chumba vinabaki huku huku. Walimu wa kukuandikia barua wako huku, maktaba iko huku, intaneti ya bure iko huku, na kubwa kuliko vyote watu waliosoma kozi moja na wewe ambao mnaweza kukaa mkaulizana maswali wako huku. Ukifika mtaani kila mtu kashaenda kwao, mmoja Mbeya, mwingine Bukoba, mwingine hapatikani kwenye simu.

Angalieni namba kidogo. Mwaka 2025 TRA, mamlaka ya mapato, walitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakazidi 135,000, ukigawanya hapo kila nafasi moja inagombaniwa na watu zaidi ya 80. Na kabla ya hapo, 2014, Uhamiaji walikua na nafasi 70 tu wakajaa watu zaidi ya 10,000 Uwanja wa Taifa kufanya usaili, picha zile naamini kila mtu kaziona. Siweki hizi namba kumtisha mtu. Naziweka kwa sababu katika watu 80 wale wengi wana shahada kama yako, wengine na GPA kama yako, sasa kitakachokutofautisha nao ni vitu vidogo ambavyo vinaandaliwa taratibu kwa miezi, havipatikani usiku mmoja kabla ya usaili.

Wenzetu wa India wana utaratibu ambao kampuni zinakuja chuoni kabisa kuajiri watu ambao bado wanasoma, kule IIT, vyuo vyao vikubwa vya teknolojia, msimu wenyewe unaanza tarehe 1 Desemba na mtu anaweza akaingia semista ya mwisho ana kazi tayari mkononi. Na chuo kina ofisi nzima inayoshughulika na hilo. Kwetu ukiacha siku chache za maonesho ya ajira na kampuni moja moja zinazokuja kuongea na wanafunzi, hamna msimu wa hivo, unamaliza mtihani mwezi wa saba, cheti unakisubiri mpaka mahafali mwishoni mwa mwaka, na hapo katikati ni wewe na simu yako. Kwahiyo huo msimu inabidi tujitengenezee wenyewe, na hapa nataka kueleza sisi tunavofanya na grupu letu, mwenye cha kuongeza aongeze.

Karatasi kwanza maana ndo inachosha ila haikwepeki. Kazi za serikali karibu zote zinapita Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, unajisajili kwa namba ya NIDA, ile yenye tarakimu 20, unajaza elimu yako yote, unapandisha vyeti kwa PDF. Someni tangazo lolote la kwao mpaka mwisho, masharti ni yale yale, wanataka cheti chenyewe cha form four na form six, slipu za matokeo hawapokei, wanataka cheti cha kuzaliwa, nakala ziwe zimegongwa muhuri na mwanasheria, sivii iwe na wadhamini watatu wanaopatikana kwa simu na imeili, barua ya maombi iwe imesainiwa na ielekezwe kwa Katibu wa Sekretarieti. Sasa hapo kwenye majina ndo kuna shughuli. Rumeti wangu cheti cha form four kina majina mawili, cha kuzaliwa kina matatu, na kwenye NIDA jina la babu limeandikwa na herufi moja imezidi. Mtu unaona herufi moja ni kitu gani, ila mlangoni pale kwenye usaili mtu anashika kitambulisho chako mkono mmoja na cheti mkono mwingine analinganisha, na jina likipishana unatakiwa uwe na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Rumeti kaanza kulifatilia tukiwa bado mwaka wa pili, kwa wakili, kwa ofisi hii na ile, ikachukua muda mrefu kweli, na saivi kashamaliza ametulia. Angekua anaanza leo tangazo likiwa limebakiza wiki mbili asingeweza. Kwahiyo leo leo toa vyeti vyako vyote mezani vipange, soma majina herufi kwa herufi. Na skani vizuri steshenari, achana na kupiga picha ya cheti juu ya shuka na kidole kinaonekana pembeni, ukishakua na faili moja safi kwenye imeili yako unaaplai popote ata ukiwa kijijini.

Wadhamini pia msisubiri. Mwalimu ana mamia ya wanafunzi, ukimpigia simu mwaka mmoja baadaye umwambie mimi nlikua darasani kwako hatokukumbuka, sio kosa lake. Nenda ofisini kwake sasa, mwambie jina lako, mada ya riseachi yako, unataka kufanya kazi gani, muombe ruhusa ya kumuweka kwenye sivii. Wa pili awe yule aliyekusimamia fildi, yani mafunzo ya vitendo ofisini.

Na fildi yenyewe, jamani. Wapo wanaoenda fildi kusainiwa logibuku tu warudi. Mi nlifanya kwenye ofisi ya halmashauri moja, idara ya fedha, na kuna siku mama mhasibu alinipa kitabu cha fedha na taarifa ya benki akaniambia linganisha hivi viwili. Nikakuta vinapishana 45,000. Nikapitia mistari yote kuanzia juu, sioni. Akaja akasimama nyuma yangu akauliza tofauti ni kiasi gani, nikamtajia, akasema igawanye kwa 9. Ikagawanyika bila kubaki kitu. Akaniambia basi tafuta namba iliyogeuzwa, tofauti ikigawanyika kwa 9 mara nyingi kuna mtu kageuza tarakimu wakati anaandika. Nikarudi juu nikaitafuta, nikakuta malipo ya 38,000 yameandikwa 83,000. Ile hali niliyoipata pale sitaisahau, na nikaiandika kwenye logibuku kwa kirefu, tarehe, kiasi, nilichofanya, matokeo yake.

Kwanini naeleza hii, kwa sababu kwenye usaili wa mahojiano wanapenda kuuliza tuambie changamoto uliyokutana nayo kazini na uliitatua vipi, na wengi wetu tunajibu kwa maneno ya juu juu, mimi ni mchapakazi, napenda kushirikiana na wenzangu, naweza kufanya kazi kwenye presha. Hayo kila mtu anayasema. Ukiwa na kitu kimoja cha kweli ulichokifanya kwa mkono wako, unaeleza hali ilikuaje, ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini hatua kwa hatua, ikaisha vipi, dakika mbili tu, yule anayekusaili anajua huyu ameshika vitabu kweli. Kwahiyo ambao bado hamjaenda fildi nawaomba muwe na daftari lenu pembeni na lile la chuo, kila jioni andika kitu kimoja ulichojifunza chenye namba ndani yake.

Sasa tuje kwenye mitihani ya mchujo, hapa ndo tunatumia nguvu nyingi. Sisi tunakutana Jumamosi asubuhi kwenye vimbweta, zile meza za nje za kusomea, watu wachache wa BCom na wawili wa takwimu, kila mmoja anakuja na maswali aliyoyaandaa, tunaweka saa kwenye simu, hamna kuongea, muda ukiisha kalamu chini afu tunasahihishana. Mitihani ya aptityudi ya mabenki na kampuni za ukaguzi ina sehemu ya hesabu, ya kusoma na ya mantiki, na hesabu zenyewe ni za form two, ila unapewa kama dakika moja kwa swali na hapo ndo watu wanadondoka. Mfano swali lililotuangusha karibu wote wiki moja: bei ya kabati pamoja na VAT ni 590,000, VAT ni shilingi ngapi? Mkono unakimbilia kuchukua asilimia 18 ya 590,000 unapata 106,200, na uhakika hiyo 106,200 imewekwa kwenye machaguo inakusubiri. Wakati 590,000 ishabeba VAT ndani yake, unagawanya kwa 1.18 unapata 500,000, kwahiyo VAT ni 90,000. Watu wa uhasibu tunalijua hili darasani tukiwa tumetulia, ila ukiwa na sekunde zinakimbia kichwa kinashika njia fupi, na dawa yake ni kurudia rudia tu mpaka mkono uzoee.

Ya kusoma nayo ina mtego wake. Wanakupa kifungu afu sentensi, unasema ni kweli, si kweli, au maelezo hayatoshi. Kifungu kinasema mauzo ya tawi la Mwanza yamepanda mwaka huu. Sentensi inasema tawi la Mwanza linauza kuliko la Arusha. Wengi wanajibu si kweli, wengine kweli, jibu ni maelezo hayatoshi maana Arusha haijatajwa kabisa. Hapa unatakiwa usahau unachokijua wewe ubaki na kilichoandikwa, na sisi tuliozoea kusoma madesa, zile notsi za kurithishana, usiku wa kuamkia mtihani tunapata shida kweli kusoma neno kwa neno.

Mchujo wa serikali ni kitu kingine, ule unaegemea kazi yenyewe na mazingira ya utumishi wa umma. Kwa upande wetu wa uhasibu tunapitia sheria ya fedha za umma ya 2001, sheria mpya ya ununuzi wa umma ya 2023, mfumo wa ununuzi wa NeST uliochukua nafasi ya TANePS, MUSE ambao ni mfumo wa malipo ya serikali, IPSAS yani viwango vya uhasibu vya sekta ya umma, mamlaka ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kwenye ibara ya 143 ya katiba, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni, vitu vya hivo. Darasani tumefundishwa sana mahesabu ya makampuni na hizi za serikali tumezigusa kidogo, kwahiyo mtu mwenye GPA ya 4.0 anaweza akaingia akashangaa maswali. Tumegawana, kila mtu ana mada yake anatufundisha. Na ukifaulu mchujo kuna wa vitendo kwa baadhi ya kada, afu mahojiano. Jueni pia kwamba anayefaulu mahojiano nafasi zikawa hazikutosha anaweza kuwekwa kwenye kanzidata na akaitwa baadaye, kwahiyo kila alama ina maana ata kama nafasi ni chache.

Tukimaliza maandishi tunafanya ya mdomo. Watatu wanakaa upande mmoja wa kimbweta, mmoja upande wa pili, na swali la kwanza ni jitambulishe. Msilidharau. Watu wanaanza mimi nilizaliwa mwaka fulani katika familia ya watoto sita, dakika mbili zimeisha na hajasema anajua kufanya nini. Tumekubaliana hivi, jina, umesoma nini, umefanya wapi na umefanya nini kwa vitendo, kwanini uko mbele yao leo, basi. Kwa kiingereza na kwa kiswahili, maana huwezi kujua watakuuliza kwa lugha ipi, na kiingereza cha kuongea mbele ya watu wanaokuangalia usoni ni tofauti na kile cha kuandika riseachi, inabidi kinywa kizoee. Kuna binti kwenye grupu yetu mwanzoni alikua akiulizwa swali anaangalia chini anashika shika kalamu, saivi anakujibu anakutazama na anajua pa kuishia. Nafurahi sana nikimwona.

Na lile la unataka mshahara kiasi gani. Wengi tunajibu "wowote mtakaoona unafaa", na mi naona tusijibu hivo, hasa sisi tunaojua hesabu. Kaa chini upige. Chukua mshahara wa msingi wa 800,000 kwenye kampuni binafsi. NSSF asilimia 10 ni 80,000, inabaki 720,000 ya kukatwa kodi. PAYE, yani kodi ya mshahara, 270,000 ya kwanza haikatwi, inayofuata mpaka 520,000 ni asilimia 8 yani 20,000, na 200,000 iliyobaki ni asilimia 20 yani 40,000, jumla 60,000. Afu sisi wa bodi ya mikopo tunakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hiyo 120,000. Unaondoka na 540,000. Sasa weka kodi ya chumba, nauli, chakula, na mama nyumbani anayesubiri kwa miaka yote hii, utajua kiwango cha chini unachoweza kukubali na utakitaja kwa adabu na kwa sababu, na ukitakiwa kueleza utaeleza. Mi naona ata anayekusaili anakuheshimu ukimjibu kwa mpangilio.

Kuhusu GPA, matangazo mengi ya programu za wahitimu yanataka kuanzia 3.5 kwenda juu na nafasi za kufundisha vyuo vikuu ni 3.8, kwahiyo ambao bado mna semista za kupandisha pandisheni, hamna njia nyingine. Ila mwenye 2.9 usikate tamaa mdogo wangu, matangazo mengi ya kada za kawaida serikalini yanataja shahada tu, hayataji GPA, ukiitwa kwenye mchujo wote mnaanza upya. Na bodi za taaluma zipo, wa uhasibu anza kufikiria mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, mapema, inafanyika mwezi wa tano na wa kumi na moja, ukiwa umetoka kusoma ndo vitu viko kichwani. Mainjinia kuna ile SEAP, mafunzo ya vitendo ya ERB, bodi ya wahandisi, ya miaka mitatu, wanasheria kuna shule ya sheria kwa vitendo, kila mtu aulizie kwao. Na mafunzo ya utarajali ya serikali kwa wahitimu nayo yafatilieni, mwaka mmoja wa kufanya kazi ofisini kwa posho ndogo unakupa kile kipengele cha uzoefu kinachotunyima usingizi.

Kuna watu watasema yote haya ni bure, bila koneksheni hutoboi. Koneksheni zipo, sitabisha, na inauma kuona mtu anapita kwa jina la mjomba. Ila nimeona pia watoto wa mama ntilie na wa wakulima wameingia TRA, wameingia benki, kwa mchujo ule ule. Halafu kujuana na watu kwa njia halali ni sehemu ya kujiandaa, kaka na dada zetu waliomaliza juzi wako makazini, ukimwandikia "naomba kazi" hana cha kukusaidia, ukimwandikia "dada shikamoo, mtihani wenu wa mchujo ulikua na sehemu ngapi na muda ulitosha?" atakujibu, wengi wamenijibu na wengine wamenitumia mpaka vitabu walivyosomea.

Na tafadhali sana, mtu yeyote anayekuomba hela ili akupe kazi, hela ya fomu, ya vipimo, ya sare, ya "kumuona bosi", mkimbie. Kuaplai Ajira Portal ni bure. Wanatumia wasap na nembo za kampuni kubwa, na wanajua kabisa miezi hii ya kumaliza chuo wazazi wako tayari kuuza ata mbuzi.

Jumamosi hii tunafanya IPSAS afu seti moja ya hesabu za haraka, saa mbili asubuhi, vimbweta vya karibu na maktaba. Mwaka wa pili mnakaribishwa, njooni na kalamu na simu iwe na chaji, maswali yote tuliyokusanya tutawaachia nyie tukiondoka.